Bia ya Moto, Webuye

Sitati amerudi na chupa tatu za bia ya Waingereza,
kila moja ndani ya soksi ya sufu;
ya nne ilivunjika njiani,
shati lake la harusi bado linanuka mkate.

"Isiingie kwenye friji," anaonya.
Nacheka: kumbe hata huko wapo wa kuagiza moto!
Tunakunywa sebuleni, kwa vikombe vya chai,
mvua ya saa kumi ikipiga bati.

Ya kwanza ina rangi ya asali ya msituni.
Povu jembamba, uchungu unaokuja kwa kuchelewa
kama mgeni anayebisha hodi akiwa ameshaketi.
Ya pili, sijui nisemeje, ganda la chungwa,
halafu majani makavu, halafu kimya.

Mama Khakasa hataki ya kwanza wala ya pili.
Anaomba ile nyeusi.
Anainusa. Anaizungusha mdomoni, macho kayafumba,
mwanamke aliyetusomesha kwa busaa,
debe kwa debe, nyuma ya jiko.
"Nafaka imekaangwa vizuri," asema,
"ila alichelewa kidogo kuitoa motoni."

Tulipofika chini, Sitati akataka kumwaga mashapo.
Mama akamshika mkono. "Hayo ndiyo yenyewe."
Akayanywa.

Kisha akaigeuza chupa, akapapasa karatasi yake:
kilima, mbwa, jina la mpishi kwa herufi za dhahabu.
"Jina lake kabisa?" akauliza.
"Na huyu, alikamatwa mara ngapi?"