Nyumba Hii Tuivike Mwaka Gani

Sampuli kumi na nne juu ya meza ya Ingegerd,
kila moja na pini yake, bei yake kwa mita
imefudikizwa kama karata.
Mahameli ya rangi ya zambarau iliyoiva.
Atlasi inayoteleza hata kabla hujaigusa.
Melimeli, ambayo ukiipulizia inakujibu.
Na kitani, kitani cha huku kwetu Hälsingland,
kigumu mkononi kama mkate wa juzi,
kilaini baada ya kufuliwa mara arobaini.

Kamati ina watu watano na funguo mbili.
Torsten, aliyefundisha hesabu, anataka 1825,
mwaka fundi alipochora maua ukutani
akaondoka anadai nusu ya ujira.
Ingegerd anataka 1870, kitani kilipopanda bei
na mwenye nyumba akanunua saa tatu kwa mkupuo.
Sölve anataka kitu kisichohitaji pasi.
Mimi naulizwa mwisho. Mimi ni wa sindano tu.

Nyumba ina miaka mia mbili. Tuivike mwaka gani?
Mtu ukimfufua, unamwamsha akiwa na umri upi?

Jumatano nilipanda ngazi kupima dirisha la kaskazini:
sentimita mia na themanini na sita,
kushoto zaidi kidogo,
maana nyumba nayo huegemea ikizeeka.
Nyuma ya ubao, chini ya tabaka tano za rangi,
msumari. Kwenye msumari, kitambaa
kisichozidi ukucha wa kidole gumba.
Sikumwita mtu. Nilikitoa kwa kibano cha nyusi,
nikakitia katika bahasha ya risiti za mboga.

Usiku, taa mbili, miwani mbili:
si atlasi. Si melimeli.
Gunia.
La unga nadhani, au la sukari,
limefumuliwa, limefuliwa, limetiwa buluu jikoni,
buluu isiyokolea sawasawa,
kama anga ya mtoto aliyeishiwa rangi.
Na pindo! Mishono saba katika upana wa ukucha,
yote sawa, hakuna uliokimbia.

Daftari la nyumba limeandika wanaume,
na ng'ombe, kwa majina yao.
Mwaka 1917 limeandika: viazi vimeoza,
mke kauza mapazia ya ukumbini.
Mke. Basi.
Lakini dirisha la kaskazini linatazama njia ya kanisa,
na majirani wana macho, hasa Jumapili.
Nguo ya kuazima haisitiri, wahenga walisema.
Huyu hakuazima.

Ijumaa niliweka bahasha katikati ya sampuli.
Torsten alivua miwani.
"Watu hawalipi kiingilio waje kutazama gunia,"
alisema Ingegerd, na siwezi kusema amekosea;
yeye ndiye anayelipa bili ya paa.
Sölve aliuliza kama gunia lapigwa pasi.
Kura: tatu kwa mbili, kitani, 1870, madirisha yote
isipokuwa moja, wakanipa hilo
kama mtoto anavyopewa mfupa wa supu.

Tangu hapo natia rangi katika sufuria ya mama
na kila mara inakolea vizuri mno.
Nimeshaharibu mita tatu kwa ustadi.
Mikono yangu haina njaa, ndiyo shida,
haijui kubana rangi itoshe dirisha zima.
Na pindo, kwa mkono, nafika mitano,
wa sita unapinda, naufumua, naanza tena.

Ni Juni. Saa tano usiku jua bado halijalala,
nimelitundika la majaribio, kwa pini tu.
Mwanga unapita pale rangi ilipokataa,
unaangukia sakafu kwa mabaka.
Nje, mtu na mbwa wake wamesimama njiani,
wanatazama juu.
Usione lapepea.

Torsten amepiga simu: kibaoni tuandike nini?
Nimemwambia asubiri.
Nimebakiza mishono miwili.