Kamera Isiyo na Kioo

Dukani kwa Tamotsu, ghorofa ya pili, Hakodate,
theluji inayeyuka kwenye viatu vyangu.
Ananiwekea tatu juu ya kitambaa cha kijani.
"Hizi hazina kioo," anasema.
Nacheka: na hili jicho la mbele, je,
si kioo?
"Cha kutazamia, ndiyo.
Cha kujitazamia, hakuna."

Ya kwanza inanivuta shingo kama deni.
Ya pili nyepesi, ila vitufe vyake
havinisikii nikivaa glavu.
Ya tatu inazama mfukoni mwa koti,
pamoja na tiketi ya tramu na peremende.

Sasa lenzi. Ndefu ile
ingemleta shakwe kutoka gatini hadi puani pangu;
bei yake, kodi ya miezi miwili.
"Unataka kupiga nini?"
Mikono ya mama, saa kumi alfajiri,
akikata tofu chini ya balbu moja.
Hataki flashi.

Ananipa fupi, milimita thelathini na tano,
tundu lake pana kama mboni ya paka gizani.
Hii haivuti kitu.
"Ukitaka karibu, sogea."

Miaka sita sijaingia jikoni mle.
Nalipa.
Namuuliza betri hudumu saa ngapi.