Ritifaa

Toleo la saba lilitoka saa tisa kasoro usiku
nikiwa Nyalenda, juu ya kinu cha kusaga mahindi,
chumba ambamo unga hupenya hadi kwenye vitufe
na herufi A imekuwa nyeupe kama jino.
Kiunzi chetu kinaitwa Ulalo.
Hakiuzwi. Anayetaka hukichukua bure,
akajengea duka, kliniki, ukurasa wa harusi ya dadake,
na akiona ufa, ana ruhusa ya kuleta udongo.

Mimi nilileta kiganja kimoja.

Tangu toleo la pili Ulalo uliogopa alama moja,
kile kijidoa kinachoning'inia juu ya mstari
kama sisimizi aliyesahau njia.
Zamani wezi walipitia hapo, waliniambia,
wakajipenyeza kwenye fomu, wakafungua ghala la ndani.
Basi mlinzi akaamriwa: ukiiona, futa.
Usiulize.

Sasa tazama Ahero, ofisi ya ushirika wa mpunga.
Karani Beldina anaandika Ang'ila,
skrini inarudisha Angila.
Benki ina Ang'ila. Kitambulisho kina Ang'ila.
Pesa za magunia kumi na manne zinafika mlangoni,
zinasoma jina, zinageuka.
Msimu mzima Dorsila amekuwa watu wawili,
wala hakuna hata mmoja wao aliyelipwa.

Niliwaandikia waangalizi wa kiunzi,
watu nisiowajua sura; kwa mmoja theluji ilikuwa ikianguka.
Akauliza: hiyo ni herufi au ni pambo?
Nikamwambia: kwetu ng'oa ni kung'oa muhogo,
ngoa ni ule wivu unaokung'oa wewe mwenyewe.
Nikamwambia: ukiifuta, ng'ombe anabaki bila pua.
Nikamwambia: usimfungie mgeni
kwa kuwa mwizi naye ana miguu;
jina lipite ndani ya kifurushi chake,
lisomwe kama jina, lisitiiwe kama amri.

Mistari kumi na mmoja ya msimbo.
Siku arobaini na moja za kung'ang'ana:
mara jaribio limeanguka, mara nafasi mbili zimezidi,
mara umeme umekwenda na bando limekwisha,
nikashuka kumkopa Wafubwa wa kinuni shilingi hamsini,
naye akauliza kama kazi hiyo ina mshahara.
Nikasema haina.
Akanipa mia.

Na usiku ule, katika orodha ndefu ya mabadiliko,
chini ya kasi mpya na milango mipya,
kifungu cha thelathini na mbili, maneno manne:
Ritifaa inakubaliwa katika majina.
Na mwisho kabisa, kwenye shukrani, jina langu:
Mildred Nyang&#39;idi.
Nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Jumatatu nilikwenda Ahero na toleo ndani ya flashi.
Beldina akaandika, akabonyeza, tukasubiri.
Ang'ila. Kamili, na kijidoa chake.
Dorsila akasogea, akaweka ukucha juu ya kioo,
pale pale penye alama,
kama mtu anayepima kama rangi imekauka.
Hakusema ahsante. Aliuliza:
"Na za msimu uliopita?"

Beldina akanitazama. Mimi nikatazama skrini.
Kilichofutwa kimefutwa;
hakuna toleo linalokumbuka kisichohifadhiwa.
Majina mia tatu na sita.
Tukatoa daftari la karatasi kwenye kabati,
pembe zake zimeliwa na mende,
yeye akisoma, mimi nikiandika upya,
Ong'wen, Nyang'aya, Ang'ienda,
ng' baada ya ng',
na Dorsila kwenye benchi, hataki kwenda nyumbani,
akituchungulia kila tulipofika kwenye A,
hadi vyura wa majaruba
wakaanza zamu yao.