Tukio la Arobaini na Moja

Ufunguo uligoma mara mbili, mara ya tatu ukakubali,
na harufu ya sufu ikatupokea mlangoni
kama mbwa asiye na kinyongo.

Ghorofa ya tatu, ua wa nyuma, Łódź:
mji ulioitwa mashua na hauna bahari,
una matofali mekundu tu, na dohani za viwanda
zilizoacha kuvuta tangu baba zetu wakiwa vijana.

Hapa ndipo tulipoiacha filamu, Machi ile,
mkono wa kushoto wa koti umeshikwa kwa pini kumi na moja.
"Kesho tutaushona," alisema Bi Genowefa,
akaifunika cherehani
kama mtu afunikavyo birika lisipoe.

Kesho ile ilichukua miezi ishirini na saba.

Subira huvuta heri, walituandikia wafadhili.
Yetu ilivuta deni.
Niliuza lenzi ndefu, kisha baiskeli,
kisha nikapiga picha harusi za watu kumi kumi,
bibi harusi na barakoa ya lasi.
Tymon, sikio letu,
aliyeweza kusikia uzi ukikatika chumba cha pili,
alikwenda kuoka mikate Bałuty.
Jagna alikata bitana ya makoti thelathini,
hariri ya zambarau aliyoinunua kwa mkopo,
akashona barakoa za hospitali;
wauguzi wakaingia zamu na hariri mdomoni.

Hilo sikulirekodi.
Nilikuwa ng'ambo ya barabara, namwona dirishani
taa ikiwaka hadi alfajiri,
na kamera mezani, imejaa chaji.
Si kwamba niliogopa kuugua.
Niliona haya kuiita taabu yake sura ya pili.

Badala yake niliitazama klipu ya mwisho,
usiku baada ya usiku.
Jagna na pini midomoni. Rozalia juu ya stuli,
anacheka kwa sababu kiganja cha Jagna ni baridi.
Na nyuma yao redio, inasoma hesabu ya wagonjwa
ambayo bado ilitosha kwenye vidole,
wala hakuna aliyegeuza shingo.
Siku ile nilimwambia Tymon: hiyo redio tutaifuta.
Sasa ndiyo pekee ninayoisikia.

Leo wamekuja.
Tymon ana unga kwenye nyusi.
Rozalia ana mimba ya miezi sita, koti halifungi.
Jagna anataka tudanganye kidogo:
tumchukue mgongo tu, dirisha lile lile, jua lile lile,
nani atajua?
Pini ameshazihesabu. Kumi na moja.

Bi Genowefa hajibu. Amefunua cherehani, amepiga chafya,
ameketi na sindano ya mkono.
Vidole viwili haviinuki vizuri tangu arudi kutoka wodini.
Uzi unakosa tundu. Unakosa tena.
Hatumsaidii; ametukataza kwa macho.

"Na huu si uzi ule," anasema.
"Yule mpaka rangi alifunga duka. Hiki ni kijivu cha sokoni."
Anaunyoosha kwenye mwanga.
"Ukisogea karibu, utaona nilipoanzia tena."

Jagna anatafuna mdomo.
Kisha anamwendea Rozalia,
anafungua vifungo, kimoja, kingine,
anaacha tumbo litangulie.

Tymon ananyanyua fito ya kipaza sauti.
"Redio ya jirani, nikaombe wazime?"
Iache, nasema.

Chaki bado imo kwenye mfuko wa begi, imevunjika.
Ubaoni mwandiko wangu wa wakati ule, ulionona, una haraka:
tukio la arobaini na moja, mara ya nne.
Nafuta ile nne kwa kidole chenye mate,
naandika tano,
kama kwamba mmoja wetu alikwenda kuchemsha chai
akachelewa kidogo.