Kiatu cha Kushoto

Studio yangu ilikuwa chini ya duka la kufulia nguo,
upande wa kaskazini wa Milwaukee.
Ngazi kumi na moja, balbu moja,
magodoro makuukuu ukutani kuzuia sauti.
Hayakuzuia kitu. Mashine za kukaushia
zilinguruma juu ya vichwa vyetu
nami nikawa bingwa wa kuchuja ngurumo.

Lavontae Pettis alishuka akiwa na miaka kumi na tisa,
koti la kaka yake, vidole havionekani.
Alijiita Wembe.
Sijaona mtu aliyeokota vina namna ile,
kama kuku na mtama: hatazami, hakosi.

Februari moja alitaka kuwasuta vijana wa mtaa wa pili.
Mwenzao alikuwa ameuawa Jumanne.
Wembe hakumuua, hilo niliseme mapema.
Alimghani tu:

    Kiatu kimebakia, thelujini kinalia,
    mwenyewe katangulia, nani atamvalia?

Tulicheka.
Mimi ndiye niliyesema, "Rudia, kwa ukali."
Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe.

Kufikia Mei kila gari lililopita lilikuwa na kile kiatu.
Akaweka meno sita ya dhahabu.
Akamnunulia mama yake jokofu la milango miwili
ambalo halikuingia mlangoni;
likakaa barazani majira yote ya joto, limefungwa plastiki,
kama mgeni asiyekaribishwa.

Ndipo Bi Ernestine Tolliver aliposhuka.
Miaka minane alikunja nguo za watu huko juu,
dola tatu kwa kapu, hajawahi kutufikia.
Mkononi mfuko wa mkate, ndani yake kiatu cha kushoto.
Cha kulia kilikuwa bado kwa polisi.

"Nilikuwa nakunja mashuka," alisema, "sakafu ikaanza kudunda.
Nikaupenda mdundo. Wiki nzima nilitikisa kichwa
kabla sijayasikia maneno."
Kisha, kwa Wembe:
"Wewe unayejua kusema. Cordell wangu alipenda nini?"

Wembe akaitazama simu yake.
"Ni muziki tu, mama."
Akapanda ngazi. Nilizihesabu.

Watu husimulia kwamba alibadilika palepale.
Uongo. Alibadilika kama barafu ya ziwa letu:
mlio mmoja usiku, halafu wiki tatu hakuna kitu.

Mlio wenyewe ulikuwa Chikago, ukumbi umejaa.
Alifika kwenye "kiatu", ulimi ukagoma.
Watu elfu mbili wakammalizia,
wasichana wadogo, wauza bia, mabaunsa,
wote wakitabasamu, nani atamvalia,
naye kasimama katikati ya vinywa vyao
maiki imeshuka hadi gotini.

Mwaka uliofuata nilimkuta juu, Jumamosi,
anakunja taulo, vibaya.
Bi Ernestine alizikunjua akazikunja upya
bila neno. Hakumsamehe, nijuavyo mimi.
Alimwachia kapu la pili.

Meno mawili ya dhahabu yalitoka. Manne yamebaki;
kuyatoa kunataka pesa ambazo hana tena.

Aliniomba niufute ule wimbo.
Nikamwambia, nitaufutia wapi?

Mwezi uliopita alishuka na karatasi moja.
Akasoma polepole, kama anayesoma orodha ya sokoni:
alikula konfleksi kwa soda ya machungwa.
Aliwaogopa mabata bukini wa bustanini.
Alipiga chafya tatu tatu.
Aliazima gundi darasa la tano, hakuirudisha.
Kiatu namba kumi na moja, na bado alikuwa anakua.

"Vina viko wapi?" niliuliza.
"Mwache apumue," akasema.

Rekodi ina dosari. Juu yetu, katika mashine,
kitu kizito kilikuwa kinazunguka na kugonga,
du, kimya, du, kimya.
Ningeweza kukichuja.
Nilikuwa na kidole kwenye kitufe.