Punje Yenye Pua

Usiku ule Uru haikuwa na upepo.
Moshi wa jikoni ulipanda wima kama uzi,
mbuzi kimya,
na bado nikasikia kishindo:
mshare wa kando ya mfongo umelala,
mkungu chini, ndizi zake changa
kama vidole vya mtoto wa jana.

Asubuhi nikamhukumu jirani.
Ndekirwa huyo, nikasema, amepita na panga,
tuna kesi ya mpaka tangu masika yale makubwa.
Nikasema kwa sauti, makusudi,
mibuni impelekee.

Akaja. Panga mkononi kweli.
Hakunitazama. Akachutama penye kisiki.
"Ingekuwa minyoo ya mizizi,
ungeng'oka mzima, mizizi juu, kama jino.
Huu umevunjika shingoni. Tunguu limebaki ardhini."
Akalipasua.

Ndani, vichochoro vyeusi,
kimoja kinaingia kingine,
na humo funza mweupe, hana miguu,
kichwa cha rangi ya chai,
ananenepa kwa chakula cha wanangu.

Tukachanja shina lililoanguka,
tukalaza vipande kifudifudi, uso udongoni.
"Kesho pindua, kabla jua halijafika."

Nikapindua kwa tochi ya simu.
Fukusi.
Weusi, wagumu, pua ndefu imepinda,
na nilipomgusa mmoja akajifia:
akakunja miguu, akawa punje ya kahawa iliyoungua sufuriani.
Nikangoja.
Alipodhani nimeondoka, akafufuka.
Thelathini na mmoja chini ya kipande kimoja.
Nikawatia kwenye kopo la maji ya sabuni
na kila mmoja nikamwita kwa jina
nililompa Ndekirwa jana.

Nikachuma isale, nikalifunga fundo,
nikampelekea kwa mikono miwili.
Akaligeuza, akaligeuza tena.
"Hili umelichuma upande wangu," akasema,
kisha akacheka hadi akakohoa.

Nami ningecheka,
lakini alipofika kwenye masale akasimama:
"Machipukizi ya hapa, ulishampa mtu?"

Nsia.
Mdogo wangu, ameolewa Kibosho juzi tu, kabla ya mavuno ya kahawa.
Nilimchagulia sita, manene, yenye majani membamba kama upanga,
nikayafunga kwa majani makavu,
nikayabeba mwenyewe kichwani njia nzima.
Sikuyamenya. Sikuyachovya kwenye maji moto.
Nani humenya zawadi?

Leo nimevaa viatu, nimefunga kisu kwenye kanga.
Njiani nafanya mazoezi ya kusema:
shikamoo mama mkwe wa Nsia,
nimekuja kuchimba nilichowapa.
Haikai mdomoni.
Naanza upya.
Kwenye kopo, mfukoni, mmoja nimemwacha hai,
anikunjie miguu mbele yao,
wamjue.