Dungusi la Nala

Nilikuwa mshika panga wa kikosi cha upimaji,
Nala, mwezi wa kumi, vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Bwana Chidosa, jicho kwenye darubini ya miguu mitatu,
akanyoosha mkono: "Ondoa lile. Linakata mstari."

Lile lilikuwa dungusi.
Lilisimama ukingoni mwa zizi lisilo na mbuzi,
kiganja juu ya kiganja, vyote vikiomba,
hakuna kilichopewa.
Migunga ilikwisha kumwaga majani. Nyasi zilikuwa jivu.
Lenyewe kijani,
kijani cha mtu anayedaiwa na hana nia ya kulipa.

Nikakata.
Panga liliingia bila sauti, kama linaingia kwenye sabuni.
Ute ukachuruzika, mzito, wa kuvutika;
nikakumbuka mlenda wa mama.
Maji!
Miezi sita mbingu haijatema hata mate,
sisi tunanunua maji kwa ndoo na kuoga kwa kikombe,
na jambazi hili limekaa na kisima tumboni.

Mbeleje, mwenye zizi, akafika na dumu lake tupu.
Hakugomba. Aliinama, akaokota kipande kwa kanga, akasema:
"Mchana hili halipumui. Hufunga milango yote.
Usiku mkilala ndipo linapovuta pumzi,
jua lisije likalikuta limeachama.
Na miiba hiyo unayoilaani ndiyo majani yake.
Jani pana hupoteza maji
kama mlevi anavyopoteza mshahara.
Mizizi nayo usiichimbe chini, utachoka bure:
imetandikwa juu juu, kama mkeka.
Mvua ya kupita njia ikidondoka, hata kabla hujaanua nguo,
lenyewe limekwisha kunywa."

Kisha akauliza fidia yake ni kiasi gani.
Bwana Chidosa akapekua karatasi:
mwembe upo, mzabibu upo, mpapai upo,
choo cha shimo kipo.
Dungusi halipo.
"Haya," akasema Mbeleje. "Basi hamjalinunua."

Vipande tukavitupa korongoni.
Tukachimbia bikoni, tukamwaga zege, tukapiga picha.
Wiki nzima nilinyonya kidole gumba
nikiwinda vinywele vya miiba visivyoonekana.

Mwaka ulipozunguka tukarudishwa.
Ramani ilisema bikoni ipo. Macho yalisema haipo.
Nikashuka korongoni kujisaidia,
nikasimama hivyo hivyo, mkono kwenye mkanda.

Kila kipande kilikuwa kimeota.
Kilipoangukia, hapo hapo: kilichoanguka kifudifudi,
kilichoanguka chali, kilichobanwa na jiwe,
hata kile nilichokikanyaga kwa hasira kikawa nusu.
Vilitoa mizizi kwenye majeraha,
vikapanda ukingo, vikavuka mstari,
vikaimeza bikoni na namba yake.
Na juu, kwenye kingo za viganja, maua.
Manjano. Manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji,
nyuki ndani wakijigaragaza kama punda kwenye majivu.
Nchi nzima imekauka, na lenyewe linakaribisha wageni.

Ua moja, siku moja. Jioni hufunga, haliombi kuongezewa.

"Kata," akasema Bwana Chidosa.
Nikamwambia panga halina makali.
Lilikuwa na makali.

Usiku ule tulilala kwenye hema.
Saa tisa nikatoka na tochi, nikaizima,
nikachuchumaa karibu nalo, kama mwizi, kama mgonjwa.
Sikusikia kitu. Treni ya mizigo ilipita mbali.
Nikajaribu na mimi: nikafunga mdomo,
nikahesabu,
nikashindwa kabla ya mia.

Gumba langu bado huchoma majira ya baridi.
Mke wangu husema niende zahanati wanitoe.
Namwambia acha.
Kiache kiote.